1973: Mwaka wa Mashairi Yaliyokosa Karatasi

Haya ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya watunzi, walimu na wanafunzi wa skuli. Yamewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.

Assalaam alaykum warahmatullah.

Wazee wetu, walimu wetu, watunzi wa kike na wa kiume, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mchomoke mapema: ahsanteni kwa kuja.

Mada niliyokabidhiwa ni mambo makubwa yaliyotokea katika ushairi wa dunia ndani ya mwaka mmoja, na mwaka niliouchagua ni 1973. Ni mwaka wenye misiba mingi ya washairi. Pablo Neruda alifariki Santiago, Chile, tarehe 23 Septemba. W. H. Auden akamfuatia siku 6 baadaye, Vienna. Ingeborg Bachmann akafariki Roma tarehe 17 Oktoba kwa majeraha ya moto. Mtu akitaka kuuhadithia mwaka huo kwa vifo tu, atapata la kusema mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi nina swali moja, nalo ndilo nitakalokwenda nalo mpaka mwisho: shairi likinyimwa karatasi, linakaa wapi?

Tuanze kwa jirani.

Mwaka 1973, Oxford University Press ya Nairobi ilitoa diwani inayoitwa Sauti ya Dhiki. Mtunzi wake, Abdilatif Abdalla wa Mombasa, alikuwa ametoka jela mwaka mmoja tu kabla. Kosa lake lilikuwa waraka wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, uliohoji serikali ya Jomo Kenyatta inawapeleka wapi watu wake. Alikuwa na miaka 22. Alihukumiwa miaka 3, na sehemu kubwa ya miaka hiyo akaikaa peke yake katika gereza la Kamiti.

Karatasi hakupewa. Akaandika kwenye karatasi za chooni.

Hebu tusilipite hilo haraka. Karatasi ya chooni haistahamili kufutwa. Ukisugua mara mbili imechanika. Ikipata jasho la kiganja, maandishi yanafifia. Wala huwezi kulimbikiza rundo, kwani askari akija kupekua ataona. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hapo hapana nafasi ya kuandika, kukata, kuandika tena. Mstari unatakiwa uwe umeshapikwa kichwani, umeshapimwa, umeshaonjwa, ndipo ushushwe.

Na ukikifungua kitabu chenyewe unakuta nini? Unakuta vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Unakuta mizani, yaani hesabu ya silabi. Unakuta Kimvita cha ndani, lugha ya mtu wa Mombasa anayesema "siwati" kwa maana ya siachi. Unakuta Mnazi: Vuta N'kuvute, majibizano marefu ya Badi na Alii, ndugu wawili wanaogombea mnazi mmoja. Wengi wameufasiri mnazi huo kuwa ni nchi. Nafikiri sisi wa Pemba ndio wasomaji wake bora kabisa, maana hapa kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ulio juu yake ukawa wa yule, na kesi yake ikarithiwa mpaka kwa wajukuu.

Mwaka uliofuata, 1974, kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi ya Kenya. Tuzo yenyewe inaitwaje? Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: serikali ya mzee ikamfunga, tuzo yenye jina la mzee ikamvisha.

Sasa twende mbali, kwenye baridi.

Mwaka huo huo wa 1973, mjini Leningrad, kilichapishwa kitabu cha mashairi ya Osip Mandelstam, mshairi wa Kirusi. Si ajabu kitabu kuchapishwa. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa amekufa tangu tarehe 27 Disemba 1938, katika kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok. Hesabuni: miaka 35, ukipunguza miezi. Katika miaka hiyo mashairi yake mengi ya mwisho yalikuwa wapi?

Yalikuwa kichwani mwa mkewe.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1933 Mandelstam alitunga shairi la mistari 16 la kumkejeli Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti. Hakuliandika. Aliwasomea watu wachache aliowaamini, kwa mdomo, na mmoja miongoni mwao akapeleka habari. Mwaka 1934 akakamatwa, na huko kwenye chumba cha mahojiano ndiko alikoliandika kwa mkono wake, mbele ya mpelelezi. Serikali ikawa ndiyo mhifadhi wa shairi la kuitukana serikali! Akapelekwa uhamishoni Voronezh, akatunga huko mashairi mengi, akakamatwa tena mwaka 1938 asirudi.

Mkewe, Nadezhda, alificha karatasi ndani ya mito na masufuria. Nyengine aliwagawia marafiki. Lakini alijua mto unachanwa, sufuria linafunuliwa, rafiki anatishwa. Kwa hiyo akayahifadhi moyoni. Baada ya mumewe kuchukuliwa alifanya kazi katika kiwanda cha nguo katika mji wa Strunino, zamu ya usiku, akipita baina ya mashine huku akiyanong'ona mashairi ili yasimtoke. Mtu mzima, mchovu, mashine zinanguruma, naye midomo inacheza. Waliomwona wangeweza kudhani anasoma uradi, na kwa kweli hapana tofauti kubwa.

Nawauliza walimu: kwa nini aliweza? Akili nzuri, mapenzi, ukaidi, hayo yote yapo. Lakini lipo jengine ambalo watunzi tunalijua na hatulisemi vya kutosha. Mashairi yale yalikuwa na vina na mapigo. Yalitengenezwa kwa namna ya kukumbukika. Na yakipotea neno, yanalia.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Nimewatungia ubeti mmoja, wa kwetu, wa karafuu. Si ubeti wa kushindana; ni wa kufunua na kuangalia ndani, kama mtu anavyofungua saa.

Karafuu naanika, jamvini kwangu uani,
Wingu jeusi lafika, latokea baharini,
Haraka ninainuka, naziingiza kapuni,
Mchumaji hukumbuka, jasho la juu mtini.

Hesabuni pamoja nami. Inueni mikono miwili, kunjeni madole gumba. Vimebaki vidole 8, navyo ni kipande kimoja. Ka-ra-fu-u na-a-ni-ka: 8. Ja-mvi-ni kwa-ngu u-a-ni: 8. Mikono imejaa mara mbili, mstari umetimia, 16.

Wanafunzi hukosea wapi? Hukosea kwenye "m". Angalieni "mtini": m-ti-ni, mizani 3, kwa sababu ile "m" inasimama kwa miguu yake. Lakini katika "jamvini", "m" imepakatwa na "v", ni ja-mvi-ni, haihesabiwi mbali. Vivyo hivyo "hukumbuka" ni hu-ku-mbu-ka. Sikio la Mswahili linajua. Mkono wenye kalamu ndio unaosahau. Na "karafuu" ina "u" mbili, kila moja na uzito wake. Ukiandika kwa haraka ukaifanya moja, umeshaiba.

Sasa tuupoteze ubeti huu makusudi, tuone unavyojilinda. Nikisema, "Wingu kubwa lafika, latokea baharini", mmesikia? Wi-ngu ku-bwa la-fi-ka: 7. Kidole kimoja kimebaki wazi. Hata ambaye hajui kusoma amehisi kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Shairi limelia. Anajua hapo limetoka neno, na anajua neno hilo lina ukubwa gani. Nikisema, "latokea kusini", nalo linalia, la-to-ke-a ku-si-ni, 7, ingawa kina kimekaa.

Lakini tusijidanganye kwamba kufuli hili halifunguki. Nikisema, "Wingu zito limefika", je? Wi-ngu zi-to li-me-fi-ka. Nane! Kina ni "ka". Hamkusikia kitu, na neno la mtunzi limeshabadilishwa. Mizani inakamata kilichopungua na kilichozidi. Haikamati kilichobadilishwa kwa uzito ule ule. Ndiyo maana shairi moja la zamani unalikuta kwa wazee watatu na maneno matatu, na kila mzee anaapa lake ndilo. Na wote watatu wana mizani 16.

Dawa yake ni picha. "Zito" linaweza kukaa badala ya "jeusi" kwa sababu mistari inayofuata haiudai weusi. Kama mstari wa tatu ungesema kwamba mchana umegeuka usiku, basi "jeusi" lingekuwa limefungwa kamba, na mwenye kusema "zito" angejishuku. Mtunzi anayejua tungo yake itasafiri kwa mdomo hufunga neno kwa neno jengine mbele yake.

Na kuna udhaifu mwengine katika ubeti wangu ambao wazee waliokaa hapa mbele wameshauona na wamenistahi. Vina vyote vya kati ni vya vitenzi: naanika, lafika, ninainuka, hukumbuka. Ni rahisi kupita kiasi. Kina cha "ka" kiko kama mchanga wa pwani, unachota tu. Na kwa kuwa ni rahisi kukipata, ni rahisi pia kubadilishana: anayesahau "ninainuka" atatia "nakurupuka" akaendelea na safari yake. Na-ku-ru-pu-ka ni mizani 5 kama ilivyo ni-na-i-nu-ka. Kina cha shida hukumbukwa zaidi kuliko kina cha bure.

Beti zikiwa nyingi inakuja shida ya mpangilio. Ukiwa na beti 20, hazipotei za mwanzo wala za mwisho. Zinapotea za katikati, kuanzia ya 8 hadi ya 14 hivi, kwa sababu kila unapojikumbusha unaanza mwanzo, ukichoka unakatiza. Njia moja ni kuanza kujikumbusha kutoka katikati siku moja moja. Njia ya pili ni ya ufundi wenyewe: pindu. Unachukua maneno ya mwisho ya ubeti uliopita unayafanya ya mwanzo ya ubeti unaofuata. Ubeti wangu umeishia "jasho la juu mtini". Basi wa pili unaanza:

Jasho la juu mtini, halilipwi kwa maneno,

na kadhalika. Ukiruka ubeti, mnyororo unakatika mkononi na unajua umekatika wapi. Watu huliona pindu kuwa pambo. Mimi naliona kuwa ni kamba ya kufungia ng'ombe.

Anayetunga bila karatasi na asiongeze ubeti mpya kabla hajausoma mzima uliotangulia kwa sauti, bila kukwama, asubuhi na usiku. Ubeti uliosomwa vizuri usiku tu bado haujaingia. Asubuhi ndiyo mtihani.

Sasa tuvuke kwenda Chile, kwa sababu kule kuna jambo linaloninyima raha na maneno yangu haya.

Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi lilipindua serikali ya Salvador Allende. Siku iliyofuata Víctor Jara, mwimbaji, mtunzi na mwongozaji wa tamthilia, alikamatwa pamoja na wanafunzi na walimu wa chuo kikuu alikokuwa akifanya kazi, wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa ndani, Estadio Chile. Maelfu ya watu walirundikwa humo. Akapigwa. Tarehe 16 Septemba akauawa kwa risasi, zaidi ya 40.

Kabla ya hapo aliomba karatasi na kalamu, akaandika shairi. Halina jina, halikukamilika. Linaanza kwa kuhesabu watu: sisi 5,000 tuliomo humu. Na shairi hilo halikufuata vina na mapigo ya kawaida. Ni sauti ya mtu anayesema. Likatoka vipi? Wenziwe walilinakili, wakalificha, na nakala ikatoka.

Mnaona? Shairi huru halina kufuli la mizani. Ukidondosha neno halilii. Kwa hiyo lilihitaji karatasi, lilihitaji nakala zaidi ya moja, lilihitaji watu zaidi ya mmoja kubeba hatari mwilini. Nimewaonesha kwamba kina na mizani ndilo sanduku la kubebea shairi. Basi na hili nalo limesafiri bila sanduku, likafika, na watu bado wanalisoma. Siwezi kulikataa kwa sababu halikufuata kanuni za Lamu na Mombasa.

Siku saba baada ya Jara kuuawa, Neruda akafariki hospitalini. Alikuwa na miaka 69, mgonjwa wa saratani, mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 1971. Ubishi juu ya kilichomuua ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 kaburi lilifukuliwa. Nyumba yake ya Santiago ilikuwa imevamiwa, vioo vimevunjwa, maji yametiwa ndani. Na humo humo, juu ya vipande vya vioo, mkewe Matilde akataka maiti ilazwe kwa mkesha. Siku zile, askari walikuwa wakichoma vitabu katika barabara za Santiago. Kisha jeneza likatolewa kwenda makaburini. Watu wakaungana nalo, wachache, kisha wengi, bunduki zikiwaangalia. Na wakawa wanaisoma tungo yake kwa sauti. Vitabu vimechomwa, wamevisomea wapi? Ndiyo yale yale niliyoyauliza mwanzo.

Yaliyobaki ya mwaka huo nitayapita mbio. Amílcar Cabral aliuawa Conakry tarehe 20 Januari. Wanaomjua kama mpigania uhuru ni wengi, wanaojua kwamba alikuwa pia mshairi aliyeandika kwa Kireno ni wachache. Nchi yake, Guinea-Bissau, ilijitangazia uhuru tarehe 24 Septemba, siku moja baada ya Neruda kufariki. Marekani, Adrienne Rich alitoa Diving into the Wreck, kitabu cha mashairi huru yaliyotafuta sauti ya mwanamke. Auden, huyo wa Vienna, alikuwa bingwa wa arudhi za Kiingereza, yaani kanuni za utunzi. Usiku alisoma mashairi mbele ya watu, asubuhi akakutwa amekufa hotelini. Watunzi wengi wangeomba waondoke hivyo.

Na mwaka uliofuata, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani, na ugomvi wa mashairi huru ya Kiswahili ukapamba moto. Ugomvi huo siuingii leo, tutakesha. Nitasema tu kwamba kila upande ungezungumza kwa adabu zaidi kama ungejiuliza tungo yake imekusudiwa kubebwa na nini: kitabu, sauti ya taarabu, au kichwa cha mtu asiye na kalamu.

Turudi nyumbani. Pemba hii ilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi wawili wa karne ya 19 waliofika mpaka mwanzo wa karne ya 20. Walitunga, wakajibizana, wakachapana kwa maneno, na kisiwa kikacheka. Lakini kitabu kilichowakusanya, Kale ya Washairi wa Pemba, kimechapishwa mwaka 2011. Kimekusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Na mhariri wake ni nani? Abdilatif Abdalla, yule yule wa karatasi za chooni. Sioni kama ni sadfa tupu. Aliyewahi kulinda tungo zake mbele ya askari, anajua thamani ya tungo iliyolindwa na wazee wa Chake na Wete kwa mdomo na kwa vijikaratasi vya sandukuni.

Kisiwani humu bado wamo watu wenye beti zisizokuwa kwenye kitabu chochote. Mkienda kwao, msianze na simu ya kurekodi mbele ya uso wa mzee. Atasoma kwa haya, atakatisha. Kaeni, asome mara ya kwanza bure. Mara ya pili ombeni kurekodi. Kisha rudini baada ya siku mbili tatu, asome tena, nanyi mfuatishe mlichoandika huku mnahesabu vidole. Palipo na 7 pana neno limedondoka; ama kwake, ama kwenye masikio yenu, na mara nyingi ni kwenye masikio yenu. Msimsahihishe. Muulizeni, "Hapa, babu, alisemaje?" Na akitoa maneno mawili tofauti siku mbili tofauti, andikeni yote mawili, na tarehe.

Basi. Wanafunzi, fungeni madaftari. Na simu pia, wewe wa shati jeupe. Ubeti wa karafuu mmeusikia mara moja tu, na tangu hapo nimewavurugia kwa makusudi na wingu kubwa na wingu zito. Tutaanza kiti cha kwanza kulia, kila mtu kipande kimoja cha mizani 8, tuone utafika ukuta wa nyuma ukiwa na nini ndani yake. Haya, Karafuu naanika...